Kitufe cha Sijaelewa

Jumatatu, 6 Oktoba

Mkuu wa Kitivo ameniita ofisini. Nimeingia kifua mbele, nikidhani hatimaye wameona. Nimetoka nikitafuta ukuta wa kuegemea. Kuanzia Jumatatu ya tarehe 20 somo la Misingi ya Programu, lile la mwaka wa kwanza, litakuwa na mwalimu mmoja, si wawili kama sasa. Wawili wa sasa ni mimi na shemeji. Kamati itakaa darasani kipindi kimoja kwa kila mmoja wetu: kwake Jumatano ya wiki ijayo, kwangu Alhamisi. Atakayeshinda atabaki na somo. Atakayeachwa atahamishiwa ofisi ya ratiba.

Ofisi ya ratiba! Chumba cha mwisho kwenye korido, hakina dirisha, watu wawili humo ndani wamenuniana miaka mitatu kwa sababu ya feni. Kazi yao ni kuhakikisha madarasa mawili hayagongani ukumbi mmoja, na bado yanagongana.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenisoma. Kazi hii naipenda. Miaka kumi na moja nimewapokea watoto wa mwaka wa kwanza, wengine wanaishika kompyuta kama wameshikishwa kitoto kichanga cha mtu. Siku za kipindi huamka kabla ya saa kulia. Wakininyang'anya somo hili, sijui nitaamka kwa ajili ya nini.

Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Anafundisha kompyuta kwa chaki. Kwa chaki! Wanafunzi wanampenda sana, jambo ambalo kitaalamu halithibitishi chochote.

Nimemweleza mke wangu mambo yote. Ameuliza, kwa huruma kabisa, kama dada yake atapata shida huko ofisi ya ratiba. Nikamwambia anayehamishwa anaweza kuwa mimi. Akasema "aa," akaendelea kupiga pasi.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango umepatikana!

Stoo ya kitivo ina vishikwambi mia na ishirini, vipya, vimelala kwenye maboksi tangu mwaka jana kama watu waliosusa. Nimemwomba fundi wa mitambo anifungulie. Fundi huyu yuko karibu kustaafu na ana tabia moja: chochote kilichoandikwa mbele yake lazima akisome kwa sauti. Amesoma boksi lote. Kiweke mbali na maji. Kiweke mbali na moto. Kiweke mbali na watoto. Nimezeeka pale mlangoni.

Lakini mali iliyomo! Kila mwanafunzi anashika kishikwambi chake. Slaidi ninayoonyesha ukutani inatokea mikononi mwao. Wanajibu maswali, wanachora kwa kidole, kazi zao zinarushwa ukutani. Na chini ya kila slaidi kuna vitufe viwili: cha kijani, Nimeelewa, na chekundu, Sijaelewa. Hakuna anayejua nani kabonyeza nini. Ukutani kunatokea mstari wa rangi mbili, asilimia kadhaa kijani, asilimia kadhaa nyekundu. Mkuu wa Kitivo anapenda asilimia kuliko anavyopenda watu. Nimeshamwandikia barua kumwambia asikose kuuona mstari huo siku ya Alhamisi.

Shemeji amepita akatukuta stoo. Akasema vitu hivyo ni vizuri, yeye alijaribu kimoja mwaka jana vilipoletwa, ila alijiuliza mwalimu afanye nini akishaona nyekundu. Nikamjibu kwamba darasani kwangu nyekundu haitahitajika. Akatabasamu, akaenda zake. Tabasamu la kunikata maini.

Jumatano, 8 Oktoba

Kutwa nimetengeneza slaidi. Mada: njia ya kupanga namba kutoka ndogo hadi kubwa. Kanuni yenyewe ni fupi. Unalinganisha namba na jirani yake. Kubwa ikiwa mbele ya ndogo, unazibadilisha nafasi. Unasogea kwa jirani anayefuata. Ukifika mwisho unaanza upya, mpaka zote zikae sawa. Mtu mvivu angeimaliza kwa slaidi tatu. Mimi ninazo themanini na saba. Ya kumi na nne ina jua linalozunguka. Halina kazi, lakini linazunguka vizuri sana.

Slaidi zote nimezihifadhi ndani ya vishikwambi vyenyewe, kimoja baada ya kingine, mia na ishirini. Kwenye mashine kubwa ya fundi sikuacha nakala hata moja, shemeji asije akachungulia. Vidole vimekufa ganzi.

Nyumbani nimempa mke wangu kishikwambi kimoja ajaribu. Slaidi ya kwanza ni jina langu na cheo changu tu. Amebonyeza Sijaelewa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Dakika ishirini na tano zimekwenda kwenye kugawa maneno ya siri. Nilitunga neno la siri refu, la usalama wa hali ya juu, na nusu ya ukumbi walikosea herufi ya tisa. Slaidi ya kumi na nne ilipofika, kila mtu aliacha kunisikiliza akalitazama jua. Slaidi ya kumi na tisa niliwaambia wachore mpangilio wa namba kwa kidole. Ukutani ikatua picha yangu. Kichwa kikubwa, miguu midogo, mkono umeinuliwa. Ukumbi mzima ukacheka. Mbaya zaidi, imefanana.

Kuna kijana wenzake wanamwita Kwa Nini, kwa sababu ndilo neno pekee linalomtoka. Ameuliza kwa nini namba zibadilishane na jirani tu, zisiruke moja kwa moja mahali pake. Nikamwambia jibu liko slaidi ya sitini na tatu. Tulikuwa ya ishirini.

Mwisho nikawaambia wabonyeze. Mstari ukatokea. Nyekundu asilimia tisini na nne! Katika watu mia na ishirini, saba tu ndio walioelewa, na watatu kati ya hao wamenifuata mlangoni kuomba radhi kwamba vidole viliteleza.

Kuna mkono wa mtu hapa. Simtaji.

Jumamosi, 11 Oktoba

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Shemeji naye alikuwepo. Mama mkwe amesema mbele ya wote kwamba sisi wawili ni wanawe, hana wa kumpendelea, na aliye bora ashinde. Kisha akamsogelea shemeji, akamshika mkono, akamuuliza akishinda angependa afanyiwe sherehe kubwa au ndogo.

Nimejitia hamnazo nikamuuliza shemeji atafundishaje Jumatano. Akasema ataandika ubaoni, kisha atawauliza kama wameelewa. Basi! Mtu anayeficha silaha ndivyo anavyojibu. Walipokwenda jikoni nikafungua mkoba wake. Ndani: chaki nyeupe, chaki nyekundu, chungwa moja. Mkono ukiwa bado ndani, mama mkwe akarudi.

Nikasema natafuta kitambaa cha kufutia pua. Akaniuliza kama nina mafua. Nikakubali, ningefanyaje? Nimemaliza mchana mzima nimefunikwa blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto, navuta mvuke, huku wao wakila matunda. Nimetoka humo nikiwa mwekundu na pua safi isiyokuwa na tatizo tangu mwanzo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kipindi cha pili. Nimepunguza slaidi zikabaki themanini na tano. Nimefupisha neno la siri. Nimezungumza polepole. Nyekundu, asilimia tisini na sita.

Nilikaa kwenye kiti cha mbele ukumbi ukiwa mtupu. Kwa kweli niliogopa. Niliona ile korido, nikaona ule mlango wa mwisho, nikasikia feni.

Halafu akili ikafunguka. Kosa haliko kwa wanafunzi, wala kwangu. Liko kwenye hesabu! Nimekwenda chumba cha fundi akiwa ametoka kunywa chai. Programu ya kipimo iko kwenye mashine yake kubwa, na sisi walimu tunaruhusiwa kuingia. Nimetafuta mstari unaohesabu vitufe, nikaugeuza. Mstari mmoja tu. Sasa anayebonyeza Sijaelewa anahesabiwa kijani, na anayebonyeza Nimeelewa anahesabiwa nyekundu.

Huu si udanganyifu. Nimelifikiria sana jambo hili, karibu dakika nne. Mwanafunzi anayesema hajaelewa amesikiliza kwa makini hadi akajua kwamba hajaelewa. Huyo yuko njiani. Aliyesema ameelewa huenda alikuwa amelala. Kwa hiyo kipimo ndicho kilichokuwa kinadanganya, mimi nimekirudisha kwenye haki.

Mke wangu sijamwambia. Siri ukimpa yeye, dada yake anaijua kabla maji hayajachemka.

Jumanne, 14 Oktoba

Kijani, asilimia tisini na tano!

Nilisimama nikauangalia mstari ule hadi macho yakalowa. Nasema ukweli, kwa muda nilisahau kwamba mimi ndiye niliyeugeuza. Nilijiona mwalimu mkubwa. Nikawapungia mkono.

Wanafunzi walitazamana. Kwa Nini akanyoosha kidole, akasema yeye amebonyeza nyekundu. Nikamwambia basi yumo katika wachache. Akageuka kuuliza safu yake, wote wanane wakasema nao wamebonyeza nyekundu. Akataka kujua kwa nini ukuta unasema vingine. Nikasema muda umekwisha. Ulikuwa umebaki robo saa.

Mke wangu ameuliza mbona naimba bafuni. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge. Akasema yeye alitaka tu kujua kama maji yanatosha.

Jumatano, 15 Oktoba

Kipindi cha shemeji. Mimi sikualikwa. Nimesimama nje kwenye kioo cha mlango, nimeinama, nikijifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Kafundisha jambo moja kwa saa nzima. Moja! Akauliza nani hajaelewa. Mikono mitano ikapanda, mbele ya kamati! Nikacheka hadi nikagonga kioo kwa paji la uso. Maskini shemeji, kujipalia makaa namna hii. Hakushtuka. Akafuta ubao, akaeleza kwa njia nyingine. Mikono miwili. Akaeleza tena kwa njia ya tatu. Hakuna mkono. Kamati wakaandika sana.

Nilisikia kitu tumboni pale mlangoni. Mtu aliyefundisha miaka kumi na moja darasa zuri analijua, hata akilitazama kwa jicho moja. Nikaenda kununua biskuti, labda ilikuwa njaa.

Jioni mimi na fundi tukaandaa vishikwambi kwa ajili ya kesho. Vyote vikatoa ujumbe kuomba ruhusa ya kujisasisha. Fundi akaanza kuusoma kwa sauti, kuanzia salamu. Programu mpya ina kasi zaidi, ina usalama zaidi. Nikamkatiza, nikamwambia kipya ni kipya tu, nikabonyeza Ndiyo kwa vyote kwa mpigo. Akasema sijamwacha amalize. Nikamwambia tukimsubiri amalize kamati itatukuta hapa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Niandike kwa mpangilio, angalau huku.

Saa tatu kamili. Ukumbi umejaa. Kamati safu ya mbele: Mkuu wa Kitivo, wazee wawili wenye kalamu, na shemeji pembeni, kwa kuwa utaratibu unamruhusu kutazama kama mimi nilivyoruhusiwa kutazama (kumbe niliruhusiwa, kungekuwa na kiti). Fundi kasimama ukutani na mashine yake. Nikawasha. Ukurasa mweupe. Nikabonyeza mbele. Mweupe. Nikachukua kishikwambi cha mwanafunzi. Mweupe, na vitufe viwili chini.

Fundi akanisogelea, akanisomea sehemu ya ujumbe niliyomkatiza jana. Kila kilichohifadhiwa ndani ya kishikwambi kingefutwa. Slaidi themanini na tano! Jua! Kipimo peke yake kilibaki, kwa kuwa kilikuwa kwenye mashine kubwa.

Mikono mitupu. Watu mia na ishirini wananitazama. Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka, nikasikia sauti yangu ikiwaita wanafunzi wanane mbele. Nikawapanga mstari ovyo, warefu kwa wafupi. Nikaliambia darasa liwapange kutoka mfupi hadi mrefu, kwa sharti moja: mtu analinganishwa na jirani yake tu.

Wakaanza kupiga kelele. Badilisha! Hapana, acha! Sogea! Duru ya kwanza ilipokwisha, yule mrefu kuliko wote alikuwa amefika mwisho wa mstari. Kwa Nini akauliza kwa nini mrefu anafika mapema. Nikafungua mdomo nimjibu, msichana wa safu ya tano akamjibu kabla yangu, na akamjibu vizuri kuliko slaidi ya sitini na tatu.

Nikamwomba Mkuu wa Kitivo aje asimame mwishoni kabisa, upande wa warefu. Mkuu ni mfupi sana, ila akiwa kwenye kiti chake watu hulisahau jambo hilo. Akaja. Tukaanza. Duru nzima, naye amesogea hatua moja tu. Duru ya pili, hatua moja tena. Ukumbi ulicheka, wakamhesabia, wakampigia makofi kila akisogea, naye mwenyewe akawa anacheka na kujifuta jasho. Duru nane mpaka akafika mahali pake! Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba njia hii ni ya polepole. Wameiona kwa macho yao, ikitembea.

Kisha nikawaambia waandike hatua zote kwa kidole kwenye ule ukurasa mweupe. Kazi zikaanza kutua ukutani. Sahihi. Sahihi. Sahihi. Hata mchora kichwa changu, sahihi, na kichwa kidogo pembeni. Miaka kumi na moja sijapata kipindi kama kile. Nilikuwa na furaha hadi nikaisahau kamati.

Mkuu akarudi kwenye kiti, akasema kabla hatujamaliza angependa kuuona ule mstari nilioandika habari zake kwenye barua.

Nikasema wanafunzi wamechoka. Wanafunzi wakasema hawajachoka! Nikasema vishikwambi havina chaji. Fundi akasoma kwa sauti: chaji asilimia themanini na nane. Basi wakabonyeza, wote mia na ishirini, kwa mapenzi yao yote, kitufe cha kijani. Ukuta ukawa mwekundu kutoka kona hadi kona.

"Sijaelewa, mia kwa mia," fundi akasoma.

Kelele. Wanafunzi wakadhani wamekosea, wakabonyeza kijani tena, na tena, kwa nguvu. Ukuta mwekundu vilevile. Kwa Nini akasimama, akaieleza mada yote mwanzo hadi mwisho bila kuuliza swali hata moja. Mkuu akamsifu, akasema lakini huyo ni mmoja, na ukuta unasema mia na ishirini.

Ilikuwa ni nafasi ya kusema ukweli. Niliiona kabisa. Niseme tu kwamba nimechezea kipimo, darasa limeelewa, basi. Nikaiacha ipite. Nikainama kwa safu ya kwanza nikawanong'oneza wabonyeze Sijaelewa, wapeleke habari nyuma. Wakanitazama. Lakini ni watoto wazuri, wakanitii. Mkuu akauliza nawaambia nini. Nikasema nawatia moyo.

Safu kwa safu, ukuta ukaanza kugeuka kijani. Nikapumua. Ndipo fundi akachukua kishikwambi cha mwanafunzi aliyekuwa karibu naye, akabonyeza nyekundu, akatazama ukuta, akabonyeza kijani, akatazama ukuta. Akatangaza kwa utulivu kwamba vitufe vimegeuzwa. Akafungua programu kwenye mashine yake, akausoma mstari niliouandika. Akasoma siku. Akasoma saa. Kisha akasoma jina la aliyeubadilisha, jina langu kamili, na cheo.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa mstari mmoja. Shemeji alijifunika uso kwa mikono. Nilidhani anacheka, lakini alipoishusha hakuwa anacheka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Barua imekuja mapema, haina hata makosa ya kuandika ambayo ningeweza kuyakatia rufaa. Somo ni la shemeji. Mimi, ofisi ya ratiba, kuanzia Jumatatu.

Mke wangu hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kujitetea. Ameuliza swali moja tu: kama walikuwa wameelewa, kwa nini sikuacha ukuta useme unavyotaka, nikasema nilichofanya? Nikamwambia mambo hayo ni ya kitaalamu. Nikaingia bafuni, nikafungua bomba, nikalia. Nitawakosa watoto wale. Hata mchora kichwa nitamkosa.

Saa kumi na moja shemeji akaja. Nikajiandaa kuchekwa. Akakaa, akasema ameieleza kamati kwamba tangu aanze kufundisha hajaona kipindi kama changu cha jana, na kwamba mtu anayeweza kufundisha vile hafai kufungiwa na ratiba wiki nzima. Ameomba nipewe kipindi kimoja kila Jumanne, cha mazoezi, ndani ya somo lake. Mkuu amekubali, kwa sharti: hakuna vishikwambi, hakuna kipimo. Niingie na mikono yangu tu, nifanye nilichofanya Alhamisi. Nikiharibu hicho nacho, sirudi darasani tena.

Nikamjibu kwa heshima yangu yote kwamba nitalifikiria, shemeji. Akasema sawa, akaaga. Hajafika getini nikatoka mbio pekupeku kumwambia nimekubali. Akanishika bega. Nimetambua leo kwamba ni mtu mwema, na inaudhi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Ofisi ya ratiba. Feni haizunguki. Kumbe wanagombania iliyokufa!

Kazi nimeimaliza mapema, ukumbi mmoja nimeupa madarasa mawili tu, kwa hiyo mchana kutwa nimejiandaa kwa kipindi cha kesho. Najua kilichosemwa: niingie na mikono mitupu. Lakini kipindi cha maana namna hii, cha kuniokoa au kunizamisha, mtu mwenye akili anaweza kukiachia mikono? Wanafunzi wanane kwenye mstari! Mmoja anaweza kuugua. Mmoja anaweza kuwa na aibu. Wawili wanaweza kuwa na urefu sawa, tutaingia kwenye mabishano.

Kwa hiyo nimewachora. Vibonzo vya watu wanane, kila mmoja na viatu vyake, wanajipanga wenyewe, hakuna mwanafunzi atakayehitaji kuinuka kwenye kiti. Mkuu wa Kitivo nimemchora pia, anatembea na kujifuta jasho. Slaidi mia na arobaini na mbili. Sharti linasema hakuna vishikwambi. Simu halikuzitaja, na kila mwanafunzi anayo.

Asiseme mtu kwamba sijifunzi kutokana na makosa. Nimekaa nikachunguza tatizo la Alhamisi kwa kina, nikagundua lilianzia wapi, na nimeling'oa na mizizi yake. Safari hii chini ya slaidi kuna kitufe kimoja tu, cha kijani, Nimeelewa. Nimekijaribu mwenyewe mara thelathini.

Mia kwa mia!